Ukope wa Sinzia

Kila Ijumaa, akishatoka msikitini, Tamimu aliingia banda la nyuma ya nyumba yake pale Kibiti, akalifunua gari mashuka, akaliwasha, akalisikiliza mpaka lipate moto, kisha akalizima na kulifunika tena. Na kila Ijumaa palikuwa na mtu amesimama mlangoni pa banda, mikono nyuma, anamwuliza.

"Leo linatoka?"

"Halitoki."

"Sasa unaliwasha la nini?"

Angekuwa mtoto anauliza, Tamimu angejibu kwa upole. Lakini waliouliza walikuwa watu wazima wenye ndevu zao, wengine aliwajibu Ijumaa iliyopita, na jibu hawakuwa wamelisahau. Walikuja kulisikia tena, kama watu wanavyorudia kusikia kichekesho.

Gari lenyewe lilikuwa Isuzu. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana kila mtu wa njia ile ya kusini alijua Isuzu ni lori. Ukimwambia mtu una Isuzu, swali la kwanza ni tani ngapi. Hili halikuwa na tani. Lilikuwa Isuzu Piazza, gari dogo la rangi ya fedha, limelala chini kama kenge, milango miwili tu, na kioo cha nyuma kikubwa kinachofunguka juu kama kifuniko cha sanduku. Taa za mbele zilikuwa na vifuniko vilivyozifunika nusu. Ukiwasha taa vinaondoka, ukizima vinarudi. Kwa hiyo likizimwa, gari lilikuwa kama mtu aliyeshiba ubwabwa akaegemea ukuta. Watu wakaliita Sinzia. Tamimu alilikataa jina hilo mwaka mzima, akachoka, na mwisho akajisikia mwenyewe akimwambia mkewe, "Nakwenda kumtazama Sinzia."

Alilipata kwa Mjapani mmoja, mhandisi wa madaraja, aliyekuwa bosi wake. Tamimu shule aliiacha darasa la tano, lakini kuendesha alikujua, na mradi ule ulimweka dereva mpaka ulipofungwa. Mjapani alitaka kuliuza gari lake kabla ya kuondoka. Alilipeleka Dar, akalirudisha. Ilikuwa miaka ya ruksa, meli zinateremsha magari ya mtumba bandarini kama samaki, na kila mwenye fedha alitaka la kubebea abiria au mzigo. Waliolitazama hili waliinama, wakachungulia nyuma, wakauliza, "Abiria wanaingilia wapi?" Kisha wakaenda zao.

Basi Mjapani akamwachia Tamimu kwa bei ya huruma, na maneno juu yake. Huko kwao pia halikuuzika sana, alisema. Wengi hawakulielewa. Ndiyo maana siku moja litakuwa adimu, na watu watalitafuta kwa tochi. Usipake rangi. Usibadili kitu. Kaa nalo.

"Mpaka lini?" Tamimu aliuliza.

"Miaka thelathini."

Mtu mwingine angecheka. Tamimu hakucheka, kwa sababu ya mlango wa babu yake. Nyumba ya babu, kule Mohoro, ilikuwa na mlango wa nakshi, mti mzito, maua yamechongwa kutoka kizingiti mpaka juu. Miaka ile ya shida ya sukari akaja mnunuzi, babu akautoa mlango, akapewa sukari na vitenge, na mahali pake wakaweka bati. Kila mtu wa nyumba ile alifurahi. Baadaye Tamimu, akiwa dereva, alimpeleka Mjapani kwenye hoteli moja Dar, akaukuta mlango wa babu yake umesimamishwa ukumbini bila nyumba, umezungushiwa kamba, na askari anayemwambia asiuguse. Aliziona mpaka alama za kisu alichochokonolea akiwa mtoto. Alirudi garini. Tangu siku hiyo alijiambia kitu kingine kama kile kikipita mikononi mwake hakitoki, na hakiharibiki.

Kwa hiyo alitaka jambo moja tu: siku hiyo ikifika, gari liwe kama lilivyotoka kiwandani, kila kitu chake kile kile. Alilipandisha juu ya mawe ili matairi yasibonyee. Alilijengea banda la bati. Yeye akafungua duka la vipuri stendi, akaenda dukani kwa baiskeli.

"Gari lina bati," mkewe Nasma alimwambia, "mimi jiko langu makuti."

"Jiko halishiki kutu."

"Mimi ninashika kikohozi."

Rafiki yake Salumu, mwenye Land Rover ya mizigo, yeye alikuwa na lake. "Miaka thelathini, Tamimu, wewe utakuwa umeshaulizwa maswali ya kaburini. Munkari na Nakiri wakikuuliza ulifanya nini duniani, utawaonyesha ufunguo?"

Tamimu alizoea. Lililomtia hofu ni kutu. Kila masika hewa ililoa mpaka chumvi ikageuka maji kikoponi, na siku moja aliona nyuma ya gurudumu doa dogo la rangi ya chai. Hakulala vizuri. Ndipo, walipokwenda Kiongoroni kumjulia hali baba mkwe, akafanya kosa.

Mzee Abdillah, baba yake Nasma, alikuwa fundi wa vyombo. Maisha yake yote aliunda na kuziba mashua kwenye matope ya kule mwisho wa delta, kati ya mikoko na bahari. Tamimu alimkuta akigonga pamba kwenye nyufa, akamwuliza, kwa adabu tu, ili kupata la kuzungumza:

"Baba, chombo kikikaa nchi kavu muda mrefu, mnakitunzaje kisiharibike?"

"Chombo cha nani?"

"Changu mimi. Kile cha nyumbani."

Mzee aliweka nyundo chini, akamweleza. Juu unapaka sifa, yaani mafuta ya ini la papa. Chini unapaka deheni, ambayo ni shahamu na chokaa, unaisukuma kwa kiganja mpaka iingie. Tamimu aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akasahau. Mzee hakusahau. Mkwe wake, mtu wa mdomo mkali asiyeomba kitu kwa mtu, alikuwa amemwomba kitu.

Mwaka ule mvua za El Nino zilianza zikakataa kwisha, na ndani ya mvua hizo hizo ikaangukia harusi ya Nusaiba, binti wa Tamimu, aliyeposwa na kijana mkulima wa Mtawanya. Kabla siku haijakaribia, maneno yalianza. Dada zake Nasma walitaka bi harusi apelekwe kwa Sinzia.

"Ni hapo tu, shemeji," walisema. "Mtawanya ni hapo tu."

"Hapo tu ndipo gari linapofia," Tamimu alijibu. "Upande wa bwana harusi wana pikapu. Ndiyo desturi. Wao wanaoa, wao wanabeba."

Akadhani amemaliza. Akasafiri kwenda Dar kuchukua vitu vya harusi na vipuri, njia ikakatika nyuma yake, akakaa kule akilaani matope ya watu wengine kwa siku nyingi kuliko alivyopanga.

Aliporudi, basi lilimshusha stendi, akapita njia ya msikitini na mizigo yake kichwani, na kwenye kona ya nyumba yake harufu ikamsimamisha. Ilikuwa harufu ya soko la samaki lililofungwa na kusahauliwa. Paka wa mtaa mzima walikuwa wamekaa mbele ya banda lake kwa mstari, wametulia, kama watu wanaosubiri mgao.

Akafungua banda.

Sinzia alikuwa anang'aa. Rangi ya fedha haikuonekana. Gari zima lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, linateleza, na inzi wameganda juu ya boneti wasioweza kuruka. Tamimu aliinama akatazama chini. Chini palikuwa peupe. Chasi, matao ya magurudumu, bomba la moshi, vyote vimepakwa deheni nene, na ndani ya deheni alama za vidole vya mtu aliyefanya kazi kwa makini na mapenzi.

Alitoka na maneno yamejaa kinywani. Barazani amekaa Mzee Abdillah, amezungukwa na wageni wa harusi kutoka Kiongoroni, mikono yake bado myeupe kwenye kucha.

Na kwao mkwe hajibizwi. Mkwe akikupa wali ulioungua, unakula, unasifu ukoko. Tamimu alishawahi kugombana na askari wa barabarani, na ofisa wa ushuru, na imamu kuhusu spika, lakini mbele ya Mzee Abdillah alikuwa kijana wa chuoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Umechelewa."

"Njia, baba. Imekatika."

"Umekiona?"

"Nimekiona, baba."

"Chini nimepaka deheni mara mbili. Nililala mgongo mwenyewe, vijana wa siku hizi huwaamini. Kulikuwa na chuma kimeanza kushika kutu, nyuma ya gurudumu pale. Sasa hata ukikishusha mlango wa Simba Uranga maji makubwa, hakiingii kitu."

"Ahsante, baba."

"Na juu nikapiga sifa. Mbao yake... bati lake lilikuwa kavu sana."

"Ahsante."

"Na zile raba za milango."

"Na raba," alisema Tamimu. Wageni wote walikuwa wanamtazama. "Mwenyezi Mungu akulipe, baba."

"Ulitaka hivyo, nami nimefanya hivyo."

"Ndivyo nilivyotaka," Tamimu alisema, na akaingia ndani kabla uso wake haujamsaliti.

Chumbani alimshika Nasma mkono na kuanza kupiga kelele kwa kunong'ona. "Ulikuwa wapi? Ulikuwa wapi baba yako anapaka gari mafuta ya papa?"

"Nilikuwa nachambua mchele. Kasema wewe ndiye uliyemwomba."

"Nilimwuliza. Kuuliza siyo kuomba."

"Basi toka nje ukamwambie."

Tamimu akaachia mkono.

"Ndiyo hivyo," Nasma alisema. "Na mimi ni binti yake, sitamwambia. Kaja na kopo lile amelipakata kutoka Kiongoroni, kwenye boti na kwenye lori, hakumwachia mtu kulishika. Nimwambie nini?"

Tamimu alijaribu kufuta kidogo pembeni kwa tambara na sabuni. Sifa ilikwisha kauka ikawa kama gamba, na akaogopa kusugua isije ikatoka na rangi ya kiwandani. Akaamua kungoja. Harusi ipite, mkwe arudi kwao, kisha atalisafisha taratibu, kidole kwa kidole. Na katika hasira yake aliona faida moja: kwa harufu ile, hakuna mwanamke duniani atakayeomba bi harusi apakiwe humo. Usiku huo alikula vizuri.

Asubuhi ya harusi mvua ilikuwa manyunyu tu. Tamimu alinyoa, akavaa kanzu, akamwuliza mkewe pikapu ya Mtawanya inafika saa ngapi.

"Pikapu gani?"

"Ya bwana harusi."

Nasma aliacha kukuna nazi. "Baba aliwapelekea salamu tangu ile siku uliyorudi, wasihangaike na pikapu. Bi harusi anakwenda na chombo cha baba yake. Wao wameshaipeleka Ikwiriri kuchukua wageni."

"Nani alimwambia chombo kinatoka?"

"Wewe."

"Mimi nilisema nini? Nilisema ahsante."

"Baba Nusaiba, wewe umeoa Kiongoroni miaka yote hii. Umewahi kuona mtu anapaka chombo deheni halafu anakiacha juu? Deheni hupakwa chombo kinachoshuka majini. Ukiona watu wanapaka deheni, unajua kesho kutwa wanashusha. Amekupakia, amekuuliza mbele ya watu, umesema ndivyo ulivyotaka. Angeelewa nini kingine?"

Tamimu alikaa kwenye kibao cha mbuzi kilichokuwa wazi, akainuka upesi. Mwaka mzima alikuwa amekaa mahali pabaya, na sasa hapa pia.

Akatoka kwa baiskeli mpaka kwa Salumu. Land Rover ilikuwa uani kwake, imelala, sanduku la gia limeteremshwa chini, juu ya gunia.

"Salumu, ndugu yangu, nina shida ya gari leo."

"Hata mimi," alisema Salumu. "Ulisema unakwenda Dar utaniletea sahani ya klachi."

"Sikuipata. Niliizungukia Dar nzima."

"Sasa unanitazama nini? Ungeipata sahani ungelipata gari." Kisha akanusa. "Ni kanzu yako hiyo inanuka, au ni ile habari niliyoisikia?"

Tamimu alirudi. Alijaribu malori mawili ya mbao, yote yamekwama njia ya Bungu. Alijaribu trekta, mwenyewe alisema bi harusi si muhogo. Saa zilikwenda. Alipofika nyumbani, wanawake walikuwa wamekwisha mpamba Nusaiba, piko mpaka viwikoni, na somo yake aliyemfunda, Mwanamina, mwanamke mnene wa maneno mengi, alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli.

Nusaiba alimwita baba yake dirishani. Alikuwa amefunikwa uso, sauti tu ndiyo iliyotoka.

"Baba, usiudhike. Tutakwenda kwa miguu. Ni hapo tu."

Hakusema kwa kumchoma. Ndilo lililomchoma. Aliyaona akilini yale matope ya Mtawanya, na binti yake ameshika viatu mkononi, na mkwewe Mzee Abdillah akimtazama mtu aliyemshukuru mbele ya watu kisha akaficha chombo. Halafu akaukumbuka mlango wa babu. Nyumba ile ilikaa na bati miaka yote, na bado watu waliolewa humo, wakazaa humo, wakatolewa humo kwenda makaburini. Jambo hilo halikuwa limemjia akilini kabla, na hakulipenda.

"Toeni mawe," alisema.

Walimshusha Sinzia chini. Nasma alileta chetezo akaweka ndani udi wa kutosha kufukizia nyumba nzima, na matokeo yake yakawa harufu ya papa aliyekwenda kuoa. Mwanamina aliinamishiwa kiti cha mbele ili apite nyuma. Aliingiza mguu, akautoa, akaingiza kichwa, akautoa mwavuli, akakwama.

"Gari gani hili mtu anaingia kama paka dirishani?" sauti yake ilitokea ndani. "Tamimu, aliyelitengeneza hakuwa na mke?"

"Sukuma bega, dada Mwanamina. Polepole. Hicho unachoshika ni cha asili."

"Na mimi ni wa asili."

Jambo la mwisho lilikuwa la dereva. Kwao baba wa bi harusi hafiki kwa mkwe siku ile. Anabaki nyumbani, anapokea pole na pongezi. Lakini kumpa mtu mwingine ufunguo wa Sinzia Tamimu hakuweza, hata kwa sababu hiyo. Akaketi kwenye usukani na kanzu yake, watu wakicheka waziwazi, na Mzee Abdillah akapiga kiganja juu ya paa mara moja, kama mtu anavyopiga ubavu wa mashua inapoanza kuteleza kwenda majini.

Njia haikuwa njia. Tamimu alikwenda kwa gia ya kwanza, kichwa nje ya dirisha, akilikwepesha gari kila jiwe na kila mzizi, akijibu kila kelele ya Mwanamina kwa kelele. Kwenye bonde la kabla ya mashamba ya Mtawanya maji yalikuwa yamesimama, marefu kuliko yalivyoonekana. Sinzia aliingia, akaenda, akaenda tena, akazama magurudumu ya nyuma, akanyamaza.

Upande wa pili walikuwa vijana wa bwana harusi na ngoma zao, wanasubiri. Walipoona gari limekwama waliweka ngoma chini, wakaingia majini kwa furaha kubwa. Wengi wao walikuwa wamefanya kazi ya kukata boriti kule delta, na kitu kilichokwama kwenye matope walikijua kwa namna moja. Hawakwenda nyuma kusukuma. Walikuja mbele, wakalishika gari popote penye pa kushika, mmoja akaanza wimbo wa kuvutia mtumbwi, na wengine wakaitikia.

"Nyuma," Tamimu alisema. "Nendeni nyuma. Msishike hapo. Wewe, usishike hapo, hapo si—"

Wakavuta. Gari likatoka kwenye tope kwa mlio kama wa mtu anayebusu, likapanda ukingo, na vigelegele vikaanza. Kijana mmoja alibaki ndani ya maji, amesimama, anatazama kitu mkononi mwake. Kisha akaja dirishani.

"Mzee," alisema kwa adabu, "hiki kimetoka."

Kilikuwa kifuniko cha taa ya kushoto. Masikio yake yote mawili ya kufungia yalikuwa yamekatika.

Tamimu alikipokea. Maneno yote aliyokuwa nayo yalimjia kwa pamoja yakaziba mlango. Nyuma yake Nusaiba alikuwa amekaa, viatu vyake vikavu, pindo la nguo yake kavu.

"Ahsante," alisema. Akakiweka mfukoni mwa kanzu, akaendesha mpaka uani kwa bwana harusi, na akakaa mle garini uso ameugeuzia mnazi kwa aibu mbele ya watu wote, mpaka wanawake walipomshusha binti yake.

Siku ya pili alilisafisha gari uani. Matope ya chini yalitoka yenyewe kwa mapande makubwa, yakiteleza juu ya deheni, na chuma chini yake kilikuwa kikavu. Tamimu alilitazama jambo hilo, hakumwambia mtu. Mzee Abdillah alikuja akasimama mbele ya gari. Jicho moja lilikuwa linasinzia, jingine limekodoa.

"Nitakuchongea," alisema.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ndoa Tamimu alijaribu. "Baba, usijisumbue. Hili gari linatakiwa kila kitu kiwe cha asili yake."

"Mti wa mkomafi ni wa asili," Mzee alisema. "Umeota wenyewe." Akachukua kipimo kwa kamba, akaifunga fundo, akaitia mfukoni.

Ukope ulifika na lori la dagaa baada ya mavuno, umefungwa kwa gazeti. Ulichongwa kwa mti mwekundu, umepigwa msasa na kupakwa sifa mpaka unateleza, na kwa bahati mbaya ya Tamimu, aliyemwomba Mungu usitoshee, ulitoshea. Tatizo lake ni unene. Sinzia alikuwa kama aliyeumwa na nyuki jichoni. Tamimu kifuniko chenyewe alikuwa amekwisha kukiunganisha kwa gundi ya Dar, hakikuonekana hata mstari. Kwa hiyo akapanga utaratibu. Mkwe akisikika anakuja, wa mti unafungwa. Mkwe akiondoka, wa mti unatoka, wa asili unarudi. Nasma alimwambia ana wake wenza wawili wa jicho moja.

Alikwenda hivyo miaka. Kisha safari moja Mzee Abdillah alikaa Kibiti siku chache, akalitazama gari kila asubuhi, na alipokuwa anaaga alisema magoti yamekataa, boti na lori sasa basi, wao ndio watakaomfuata Kiongoroni. Alipiga paa kwa kiganja, akaondoka.

Ijumaa iliyofuata Tamimu aliingia bandani na bisibisi. Hii ilikuwa mara ya mwisho. Wa asili ungerudi mahali pake, ukae. Alilifungua tambara alilouhifadhia, akauweka tayari juu ya boneti. Akalegeza skrubu ya kwanza. Ukope wa mti ulikuwa umeanza kupauka upande mmoja, na pale kwenye mpako wa zamani bado ulinuka papa. Mjapani alisema usibadili kitu. Lakini Mjapani hakuwa na mkwe Kiongoroni.

Mlangoni pa banda kulikuwa na mtu, mikono nyuma.

"Leo linatoka?"

"Halitoki."

"Na hilo jicho, lilipigwa na nani?"

Tamimu akaikaza skrubu pale pale ilipokuwa, akakifunga kile kingine ndani ya tambara lake. Kisha akaita nyumbani, "Mama Nusaiba, lile kopo la sifa uliliweka wapi?"

"Nimelitupa."

"Umelitupa."

"Si wewe uliyesema nilitupe? Kila siku, litupe, litupe, linaleta paka."

Tamimu alifumba macho, akayafumbua. Akalifunika gari mashuka, akapanda baiskeli, akaenda kuzunguka Kibiti nzima kutafuta mafuta ya papa, mahali ambapo hata dagaa wanaletwa kwa lori.